Vidudu vya Taa, vya Bomba na vya Ndizi: Kumtambua Inzi Mdogo Kabla ya Kupuliza Dawa

Asubuhi moja ya mwezi mwandamo jirani yangu hapa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, aliniita barazani kwake. Chini ya taa iliyokesha ikiwaka palikuwa na lundo la vidudu, laini kama majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, likinuka shombo la samaki. "Shikamoo mwalimu. Jana nimemaliza kopo zima la dawa," akaniambia, ufagio mkononi. "Hawa mbu wamezidi." Nikachukua konzi moja nikaitandaza juu ya karatasi nyeupe mezani kwake. Tuliwapekua mmoja mmoja kwa ncha ya njiti ya kiberiti mpaka chai ikapoa. Hatukupata mbu hata mmoja.

Nafundisha baiolojia sekondari, na kwa miaka mingi watu wa mtaani wananiletea vidudu kwenye vifuniko vya soda, vipande vya gazeti na chupa za dawa ya kikohozi. Karibu wote huja na jina moja, "vidudu", na swali moja, "dawa gani?" Jibu langu hukawia, kwa sababu jina hilo limebeba familia saba au nane za inzi wadogo, na kila familia ina mahali pake pa kuzaliwa: huyu tope la ziwa, yule utelezi wa ndani ya bomba, mwingine ndizi iliyoanza kutoa maji. Dawa ya kupulizia inawaua wanaoruka leo. Wa kesho wako ndani ya tope, bomba au ndizi, na dawa haikuwagusa. Ndiyo maana naanza na dalili unayoiona nyumbani, nipite kwa mdudu mwenyewe, nifike kule anakotoka.

Kwanza mkamate, umtazame

Anayetua ukutani mfunike kwa glasi, kisha pitisha karatasi ngumu chini yake. Wanaozunguka sinki au matunda wanase kwa selotepu, lakini selotepu hung'oa nywele na kukunja mabawa, kwa hiyo jitahidi upate wengine wawili watatu wakiwa wazima. Waweke kwenye friza kwa robo saa, watanyamaza bila kupondeka. Wamwage juu ya karatasi nyeupe na umulike tochi kwa ubavuni, maana mwanga wa juu huficha mishipa ya mabawa. Kioo cha kukuzia mara kumi kinatosha kwa kazi yote iliyomo humu. Wanafunzi wangu hung'oa kilenzi kwenye deki mbovu ya CD, hukibandika juu ya kamera ya simu, na picha zao wakati mwingine zinanishinda mimi mwenye hadubini.

Anza na mabawa. Inzi wa kweli, awe mkubwa au mdogo kama punje ya mtama, ana mabawa mawili tu. Jina la oda yao, Diptera, ni Kigiriki na maana yake ni hiyohiyo: mabawa mawili. Mahali ambapo wadudu wengine wana mabawa ya nyuma, inzi ana vijirungu viwili, kila kimoja kijiti chenye kifundo nchani. Hutetemeka anaporuka na kumsaidia asiyumbe. Ukihesabu mabawa manne, ruka hadi sehemu ya wasio inzi huko mbele.

Kisha tazama vipapasio kichwani. Vikiwa virefu, vyenye pingili nyingi kama shanga zilizotungwa, uko upande wa jamaa za mbu. Vikiwa vifupi na vinene, pingili chache, mara nyingi na unywele mmoja umechomoza, uko upande wa jamaa za inzi wa nyumbani. Hatua hii moja inagawa vidudu vyote vya nyumbani kwako katika mafungu mawili, na ukikosea hapa utakosea mpaka mwisho.

Halafu mtazame angali hai: anatuaje, anakunjaje mabawa, anakimbia au anaruka ukimsogelea? Wapo ambao mwendo wao umeniambia jina lao kabla sijatoa kioo mfukoni.

Dalili: wingi wa ajabu kwenye taa, hawaumi, asubuhi lundo

Hawa ndio wa ziwa lenyewe. Ukisimama Capri Point au ukiwa ndani ya meli ya Ukerewe, siku nyingine utaona juu ya maji nguzo za moshi mweusi, ndefu, zikiyumba na upepo. Mgeni hudhani kuna mtumbwi unaungua. Ni inzi, mamilioni kwa mamilioni, wametoka majini kwa pamoja na wanatafutana. Upepo ukigeuka kuelekea nchi kavu, Kirumba, Igombe au Luchelele wanafunga madirisha.

Katika wingu moja huwa kuna familia mbili, na zote mbili husingiziwa kuwa mbu. Wa kwanza ni Chaoborus. Mmoja wao anaitwa Chaoborus edulis, jina alilopewa na mtaalamu wa wadudu F. W. Edwards mwaka 1930, na edulis kwa Kilatini ni kitu kinacholika. Hakukosea. Mwambao wa Uganda na Kenya wapo watu wanaowakamata na kuwafinyanga kuwa mikate, na Ziwa Nyasa mikate ya namna hiyo huitwa kungu, hata Livingstone aliiandika. Wa pili ni wa familia ya Chironomidae. Dume wa familia zote mbili ana vipapasio vyenye manyoya kama unyoya wa kuku, ndiyo sababu hufanana sana.

Kuwatofautisha, tazama miguu na mabawa. Wengi wa Chironomidae wakitua huinua miguu ya mbele hewani kama mtu anayeomba dua, na mabawa yao mara nyingi ni mafupi kuliko tumbo. Chaoborus huweka miguu ya mbele chini, na ukingo wa nyuma wa bawa lake una ushungi wa nywele laini, kama pindo la kanga lililofumuka. Kumtenga mbu na hawa wote ni rahisi zaidi: mlaze kwa ubavu, utafute mrija mdomoni. Mbu, dume kwa jike, ana mrija mrefu ulionyooka mbele ya kichwa, unaokaribia urefu wa nusu ya mwili. Hawa wa ziwa hawana. Hawawezi kukuuma hata wakitaka.

Kwa nini wanakuja kwa vipindi? Chaoborus hulelewa majini. Buu wake ni mwangavu kiasi kwamba ukimtia kwenye glasi ya maji unaona macho mawili meusi na jozi mbili za vifuko vya hewa, vinginevyo ungesema glasi ni tupu. Mchana hujificha kwenye tope la chini, usiku hupanda juu kuwinda viumbe vidogo, na huko juu dagaa humngoja. Anapokomaa, huibuka kwa kufuata mwezi. Watafiti waliokaa kwenye ziwa hili miaka ya 1950 waliona kwamba wengi hutoka karibu na mwezi mwandamo. Wavuvi wetu wa dagaa wanaijua kalenda hiyo kwa njia nyingine: huingia ziwani siku za giza, na karabai au taa za sola ndizo huwavuta dagaa juu. Mbalamwezi ikikolea wanatengeneza nyavu. Kwa hiyo ukitaka kujua lini barazani kwako kutajaa, muulize mvuvi lini anaingia kazini.

Cha kufanya ni kuondoa mwito. Siku hizo za giza zima taa ya nje machweo yakiingia, au ihamishie mbali na mlango, ining'inie kwenye mti au ukuta wa uani. Taa nyeupe inawavuta kuliko ya njano. Funika chakula na ndoo za maji. Dawa usipulize, kwa sababu unaua wageni wanaoishi siku chache tu, ziwa litatoa wengine kesho usiku, na sumu imebaki barazani watoto wanakotambaa. Lundo la asubuhi linyunyizie maji kidogo kabla ya kufagia, kisha wape kuku. Kunyunyizia kuna sababu: wapo watu ambao vumbi la wadudu hawa likiwaingia puani hupiga chafya, macho yakawasha, kifua kikabana. Kule Sudan kando ya Nile, jamaa mmoja wa Chironomidae anayeitwa nimitti anajulikana kwa kuwaletea watu pumu. Mwenye pumu nyumbani asifagie yeye.

Na chandarua kibaki pale pale. Kwamba lundo la barazani halina mbu hakuthibitishi kwamba chumbani hamna, na malaria kwetu huku ni jambo la kila msimu.

Dalili: vijidudu vyekundu ndani ya tanki la maji

Hii huogofya watu kuliko zote. Mama mmoja alinijia na jagi la maji limefunikwa kitambaa, ameshajiandaa kwenda kununua dawa ya minyoo kwa nyumba nzima. Ndani ya jagi kulikuwa na vijinyoo vitatu vyekundu kama uzi wa damu, vinajipinda umbo la nane.

Ni mabuu wa Chironomidae, wale wale waombao dua ukutani. Wekundu unatokana na hemoglobini, kemikali iliyomo pia kwenye damu yetu, inayowawezesha kuishi kwenye tope lenye oksijeni haba. Si minyoo ya tumboni na hawataanza maisha ndani yako. Wanachokuambia ni mambo mawili kuhusu tanki: mfuniko una mwanya ambao jike amepita kutaga mayai yake yaliyofungwa kwenye utelezi kama ute wa bamia, na chini ya tanki kumejaa matope ya kutosha kuwalea. Lifungue, limalize maji, sugua sakafu na kuta, suuza, kisha ziba mwanya wa mfuniko na bomba la kufurikia kwa wavu wa matundu madogo. Ukiweka klorini bila kuondoa matope watarudi.

Dalili: unawashwa jioni, hujaona mbu, na chandarua hakisaidii

Hapa unamtafuta mdudu wa milimita moja hadi tatu, jamaa wa Culicoides. Watu wengi huku humwita usubi, na jina hilo lina mkanganyiko nitakaoueleza. Ni mdogo kiasi kwamba hupenya matundu ya chandarua cha kawaida. Chini ya kioo mabawa ya wengi wao yana madoadoa ya kijivu, na akitua huyalaza moja juu ya jingine kama makasi yaliyofungwa. Huuma zaidi machweo na alfajiri, na kuumwa kwake huwasha kupita ukubwa wake.

Sababu iko hatua chache kutoka nyumbani: tope la kando ya maji, kinamasi cha mafunjo, au samadi mbichi ya zizi. Jiulize zizi liko wapi na maji yake yanaelekea wapi. Samadi itandazwe ikauke au ipelekwe shambani, mfereji unaovuja pale kisimani uzibwe. Ndani ya nyumba feni hufanya kazi nzuri, kwa kuwa mdudu huyu hana nguvu za kuruka dhidi ya upepo. Wafugaji wamwangalie zaidi: huyu ndiye aenezaye ugonjwa wa ulimi wa bluu kwa kondoo.

Mkanganyiko ni huu. Usubi pia ni jina la inzi weusi wa familia ya Simuliidae, na la ugonjwa wanaoueneza, ule unaoharibu ngozi na macho, unaojulikana sehemu kama Mahenge na Tukuyu. Simuliidae ana kibiongo mgongoni, vipapasio vifupi vilivyonenepa, mabawa mapana yasiyo na doa, na huuma mchana. Buu wake lazima awe kwenye maji yanayokwenda kasi, amejishika kwenye jiwe au jani. Ufuko wa ziwa uliotulia haumlei. Ukiumwa mchana kweupe na mdudu mwenye kibiongo, tafuta mto wenye maporomoko jirani, na mweleze mganga wa zahanati ulikuwa wapi.

Dalili: vidudu vyenye manyoya vimetulia ukutani bafuni

Huyu ni rahisi. Ana umbo la moyo au paa la kibanda, mwili na mabawa vimejaa manyoya kama nondo mdogo wa kijivu, na ukimpulizia pumzi anaruka nusu mita akatua tena. Familia ni Psychodidae. Mmoja anayeonekana sana majumbani, Clogmia albipunctata, ana vitone vyeupe kwenye ukingo wa mabawa.

Hutaga kwenye utelezi mweusi uliogandamana ndani ya bomba la kutolea maji. Kupima ni hivi: usiku, tundu la bafu likiwa kavu, bandika selotepu juu yake gundi ikitazama chini, ukiacha upenyo kidogo pembeni hewa ipite. Fanya hivyo kwa kila tundu la nyumba, bafu, sinki na chemba. Asubuhi tundu lenye wafu ndilo lenye tatizo. Lisugue kwa brashi ndefu mpaka utelezi utoke, kisha mwaga maji ya moto. Maji ya moto peke yake, au dawa ya kuua wadudu, hupita juu ya utelezi na mabuu yakabaki chini. Bafu la wageni lisilotumika lina kawaida ya kuwalea, kwa hiyo mwaga maji humo mara mbili kwa wiki.

Dalili: vidudu vya kahawia jikoni

Hapa ndipo nimeona fedha nyingi zikipotea, kwa sababu familia mbili zinafanana na dawa ya moja haifai nyingine.

Wa kwanza ni inzi wa matunda, Drosophila. Milimita mbili na nusu hadi tatu, kahawia ya asali, macho mekundu, huelea taratibu juu ya ndizi, embe, chupa ya juisi au ndoo ya pombe ya kienyeji. Jina Drosophila melanogaster lilitolewa na Meigen mwaka 1830, na ndiye huyu huyu aliyempa Thomas Hunt Morgan, kule Marekani, Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1933 kwa kazi yake juu ya kromosomu na urithi. Asili yake ni Afrika. Nikiwaambia wanafunzi kwamba mdudu aliyejaa kwenye maabara za dunia alitoka bara letu, humtazama upya juu ya ganda la ndizi. Ukimkuta jamaa yake mwenye mistari myeupe ya fedha iliyonyooka toka kichwani hadi mgongoni, huyo ni Zaprionus, naye ni Mwafrika.

Kwenye joto la nyuzi 25 yai lake huwa inzi kamili kwa siku kumi hivi. Maana yake, ukitupa matunda yaliyooza leo na kusafisha kila kitu, utaendelea kuwaona zaidi ya wiki moja, na hilo halionyeshi kwamba umeshindwa. Kagua pia pasipoonekana: kitambaa cha kupangusia kilicholowa juisi, chini ya kreti za soda, ndoo ya maganda. Mtego wake ni siki au juisi iliyochacha kwenye kikombe, tone la sabuni ya maji ndani, karatasi juu yenye tundu dogo.

Wa pili ni Phoridae. Ana kibiongo, kichwa kimeinamishwa chini, mapaja ya nyuma mapana na bapa. Bawani mishipa ya ukingo wa mbele ni minene na myeusi, iliyobaki ni myembamba mno na haina mishipa ya kukatiza. Lakini nakuomba utazame mwendo wake. Drosophila ukimsogezea kidole huruka. Phoridae hukimbia. Hukimbia juu ya meza kwa vipande, anasimama, anageuka, anakimbia tena, na anaruka pale tu alipokosa njia.

Mwendo huo ndio ulionisaidia katika mgahawa mmoja wa hapa mjini nilikozoea kula mchana. Walikuwa wamepuliza dawa miezi miwili mfululizo, wametupa matunda yote, wameacha hata kuuza juisi, na bado vidudu vinatua kwenye sahani za wateja. Mwenye mgahawa, dada mmoja mchapakazi, alikuwa karibu kulia. Niliagiza ugali na sangara, na kabla ya mboga kufika kidudu kimoja kikakimbia ukingo wa bakuli langu la kunawia. Nikakifunika kwa glasi. "Dada, tatizo lako haliko kwenye matunda," nikamwambia. "Liko chini ya sakafu."

Phoridae hulelewa kwenye chochote kinachooza chenye unyevu: mzoga wa panya darini, viazi vilivyosahaulika nyuma ya gunia, na mara nyingi sana bomba la maji taka lililopasuka na kulowesha udongo chini ya jengo. Tulizima mafeni, tukafunga milango, tukakaa kimya na tochi. Baada ya muda tukawaona wanatokeza kwenye ufa wa marumaru, nyuma ya friji, mmoja baada ya mwingine. Kidole kilipita ndani ya ufa kikatoka kimelowa. Alipofika fundi bomba na kubomoa marumaru nne, kiungo cha bomba kilikuwa kimeachana, udongo mweusi tepetepe, na ndani yake mabuu meupe na pupa za kahawia tele. Udongo ulichotwa ukatupwa mbali, bomba likaunganishwa, sakafu ikafungwa. Wiki tatu baadaye nilikula pale sikuona hata mmoja, na juisi ya ukwaju ilikuwa imerudi kwenye ubao wa bei.

Siki inaweza kuwanasa wachache wa Phoridae pia, kwa hiyo usimtumie mtego kama shahidi. Angalia mwendo.

Dalili: vidudu vyeusi vinatoka kwenye vyungu vya maua

Sciaridae. Wembamba, weusi, vipapasio virefu, na katikati ya bawa mshipa wenye umbo la manati. Mabuu yao, meupe yenye kichwa cheusi kinachong'aa, hula ukungu na vimizizi kwenye udongo uliolowa kupita kiasi. Punguza kumwagilia, uache udongo wa juu ukauke kabla ya kumwagilia tena. Basi.

Dalili: funza wanaoruka kwenye dagaa au samaki wakavu

Ukifungua gunia na funza akajikunja, akashika mkia kwa mdomo, kisha akafyatuka hewani, humo kuna Piophila casei. Mzazi wake ni inzi mweusi anayeng'aa, milimita nne hivi, anayependa samaki waliokaushwa au kubanikwa lakini hawakukauka sawasawa. Ni tofauti na inzi wakubwa wa kijani na buluu wanaovamia samaki wabichi mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ambao hutaga siku ya kwanza samaki akiwa bado na maji.

Kwa hiyo swali ni samaki aliambukizwa lini. Mabuu manene yasiyoruka, samaki angali laini: tatizo liko kwenye uanikaji. Dagaa wanaoanikwa mchangani hukauka polepole upande wa chini na hushika mchanga, na walioanikwa juu ya vichanja hukauka pande zote kwa kuwa upepo hupita. Mabuu ya kuruka, samaki amekaa ghalani: tatizo liko kwenye unyevu wa ghala na magunia ya zamani yanayorudiwa bila kuchemshwa. Na tafadhali, wafanyabiashara wa mwaloni, dawa ya kuua wadudu isipulizwe kamwe juu ya samaki wa kuliwa. Huyo dagaa anaishia kwenye uji wa mtoto.

Wanaoitwa inzi na si inzi

Tikisa jani la muhogo, vumbi jeupe likaruka na kutua tena chini ya majani. Wakulima huwaita inzi weupe. Wahesabu mabawa: manne, yamefunikwa unga kama chokaa. Hawamo kwenye Diptera hata kidogo, ni ndugu wa vidukari na hunyonya utomvu kwa mrija. Tofauti hii ina uzito shambani kwa sababu inzi weupe hubeba virusi vya batobato na vya michirizi ya kahawia, na hakuna kusafisha bomba wala kuzima taa kutakakokusaidia. Unahitaji pingili za mbegu safi na aina zinazovumilia. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, pale Misungwi, kimefanya kazi na muhogo muda mrefu, na huko ndiko pa kuuliza.

Mwingine hufika taani siku chache baada ya mwezi mpevu, wakati wale wa ziwa wamepungua: mdudu mkubwa zaidi, rangi ya maziwa au kahawia hafifu, mabawa manne yenye mishipa kama wavu, nyuzi ndefu mkiani. Huyu ni Povilla, hana udugu na inzi. Waunda mitumbwi wanamjua mtoto wake, anayetoboa mbao zilizo majini na kujilaza ndani.

Ukishindwa kumtambua

Mtie kwenye kichupa chenye spiriti ya asilimia 70 hivi. Chukua watano au zaidi, maana dume na jike hutofautiana na mmoja huenda akavunjika mguu njiani. Kisha andika kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti, na ukiingize kikaratasi ndani ya kichupa chenyewe. Andika tarehe, mtaa, saa uliyomkuta, na hali ya mwezi kama alikuja taani. Andika alikuwa juu ya nini hasa: ukuta wa bafu, ganda la embe, mkono wako. Mara nyingi mstari huo wa mwisho ndio ninaousoma kwanza, kabla hata sijafungua kichupa.